Jina Kwenye Tofali

Karafuu za leo ni pishi kumi na mbili, mbichi,
zimemwagwa ukumbini kwa Bi Kidawa, Kengeja,
na taa ya sola inatuonesha vidole tu.
Tunachambua. Kikonyo huku, karafuu kule.
"Haya, Raya," anasema, "tuanze na chakula."

Kila usiku huanza na chakula.
Namwambia mabata yametundikwa dirishani kwa shingo,
mekundu, yanang'aa kama mlango uliopakwa vanishi,
na mie miezi mitatu ni wali, mayai na mboga,
mpaka nikaoneshwa msikiti wa uchochoroni,
paa lake limekunja ncha kama ukili ulioachwa juani.
Mzee wa kibanda cha jirani akanitolea salamu,
akanijazia bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe,
akakataa pesa.
Nililia kidogo. Ilikuwa pilipili.

"Na watu?"
Watu, Bi Kidawa! Chukua Pemba, tia na Unguja,
washushe wote kituo kimoja cha treni, chini ya ardhi, saa mbili asubuhi.
Hakuna anayemkanyaga mwenziwe
wala anayemwamkia.
Hilo lilinichosha kuliko ngazi:
kupita watu elfu bila ya "hujambo" hata moja.

Nilikwenda kutazama, nikatazamwa.
Jumapili, kando ya ziwa, mtoto wa koti la manjano
alinishika mkono akaisugua hina yangu kwa kidole gumba
aone kama itafutika.
Mama yake akaona haya.
Nikampa na mkono wa pili.

Bwana Shen, mwalimu wetu wa maabara,
alitupandisha ghorofa ya sabini, masikio yakaziba.
Mji umemwagika chini mpaka ukungu ukaumeza.
Nikautafuta ukingo wake, maana sie wa kisiwani
jicho halitulii mpaka liguse maji.
Sikuupata.

"Endelea. Vikonyo vyako vinaingia kwangu."

Basi, ukuta. Nanjing ina ukuta wa miaka mia sita,
mpana, waendesha baiskeli juu yake.
Nikaona tofali lina maandishi, nikadhani wahuni.
Mkalimani akainama: ni jina la mtu, akasema,
aliyelifinyanga tofali hili, na la msimamizi wake,
ili likipasuka ajulikane wa kuulizwa.
Nikaweka kiganja. Lilikuwa baridi kama mtungi.

Bi Kidawa kacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
"Jina la lawama hilo! Sie heri yetu.
Gunia likioza, nani atanijua?"

Sikumwambia lile la duka la dawa za miti,
lenye visanduku vidogo ukuta mzima;
mwenye duka akavuta kimoja, ndani karafuu.
Nikanusa, ukumbi huu ukanijia na taa yake.
Zatoka wapi? nikauliza.
Alisema maneno mengi, mkono ukipunga kusini.
Mkalimani akafasiri moja:
"Mbali."

Siku ya sita zimekauka, zinavunjika kwa kucha.
Kituoni karani akapima, akatoa unyevu, akaandika risiti:
Faki Shaame Faki.
Mjomba Faki, ambaye siku zote za uchambuzi
alilala baada ya isha,
akaikunja risiti mara nne, akaitia mfukoni.

Tulirudi kwa miguu, magunia matupu kichwani.
Bi Kidawa alinusa vidole vyake, vyeusi mpaka kwenye pingili.
"Yule wa tofali," akasema, "alikuwa mwanamme?"
Mkalimani hakusema.
"Hukuuliza."
Sikuuliza.
Tukapita kwa muuza mafuta ya taa, tukapita skuli,
watoto wakimwamkia, naye hakuitika hata mmoja,
yeye ambaye huitika mpaka salamu za watu wengine.
Kwenye kona ya nyumbani akashusha gunia.
"Ukipelekwa tena," akasema, "uliza."